Mtaa Uliokatwa kwenye Ritifaa

Tangu Jumanne sina raha, na si kwa sababu ya mvua wala ya mtihani wa mdogo wangu, ambao umekwisha salama, bali kwa sababu ya yule mama aliyekuja ofisini kwetu Kariakoo akiwa na stakabadhi mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaweka kidole kwenye anwani: "Mwanangu, mbona mtaa wangu mmeuacha nusu?" Palisomeka "Chang". Nikamjibu bila hata kuangalia: "Mama, mfumo haupokei ile alama ya ng'." Akasema, "Haya baba," akakunja karatasi yake, akaondoka.

Jibu hilo nimelirudia moyoni kwenye daladala, na hata katikati ya kikao cha kuhamisha ofisi. Halikuwa kweli. Usiku ule nilifungua nakala ya kumbukumbu za Januari nikaikuta Chang'ombe nzima, na ritifaa yake, yaani ile alama ya ('), mahali pake. Aliyeikata ni mimi, katika mstari huu wa PHP, lugha ya programu inayotengeneza fomu yetu:

echo "<input name='mtaa' value='$mtaa'>";

PHP haikuona kosa, kwa kuwa mpaka inaoutazama ni nukuu mbili za nje. Kivinjari ndicho kilichopokea value='Chang'ombe', kikaichukua ritifaa kuwa nukuu ya kufungia, kikaonyesha "Chang" peke yake. Mama alipokuja kubadilisha namba ya simu, mwenzangu alibonyeza Hifadhi, na kilichokatwa kwenye kioo kikakatwa pia kwenye hifadhidata.

Kwanza niliitangulizia ritifaa mkwaju wa nyuma, fomu ikaonyesha "Chang\", kwa maana HTML, lugha ya kurasa za wavuti, haiutambui mkwaju huo. Nikageuza, nukuu mbili zizunguke thamani; Chang'ombe ikapona, akakatwa mteja aliyeandika jina la duka lake ndani ya nukuu mbili. Kilichotibu ni amri ya PHP, htmlspecialchars($mtaa, ENT_QUOTES, 'UTF-8'), inayoigeuza ritifaa kuwa &#039; na nukuu mbili kuwa &quot;, ili kivinjari kizionyeshe bila kuzifanya mipaka. Seva yetu ingali na PHP 7.4, ambayo usipoitajia ENT_QUOTES, yaani agizo la kugeuza nukuu za aina zote mbili, huiacha ritifaa ilivyo. Kuanzia toleo la 8.1, la mwaka 2021, huigeuza yenyewe.

Ijumaa jioni nilipoiona Chang'ombe imekaa kamili kwenye kisanduku chake, nilifurahi kwa namna ambayo kazi hii haijanipa siku nyingi. Alama hii kwetu si pambo: ukiiondoa kwenye ng'oa unabaki na ngoa, ambayo ni wivu.

Jumatatu nitampigia mama yule nimwombe radhi. Rekodi za "Chang" nimekwisha kuzirekebisha. Zinazoninyima usingizi sasa ni za wateja ambao jina lao la ukoo limebaki "Ng" tu, nao walihaririwa kabla ya Januari, na nakala za nyuma ya hapo hatuna.