Sherpa T ya mashindano: nilichobadilisha na nilichokataa kukigusa

Bultaco Sherpa T ya cc 244 ni pikipiki ya trial, yaani mashindano ya kupita polepole kwenye mawe, vijito na matope bila kushusha mguu. Ilizaliwa Barcelona, na Sammy Miller, bingwa wa trial aliyeshiriki kuiunda, alishinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita huko Scotland, mwaka 1965. Wenye nazo leo wamegawanyika: wengine wanataka kila nati ibaki ya kiwandani, wengine wanakata fremu ili washinde. Mimi nashindana na yangu, kwa sharti moja: kila nilichoongeza kimefungwa kwa bolti, na kila nilichotoa kimehifadhiwa.

Uasilia wa pikipiki ya mashindano nao una utata wake. Ariel, pikipiki ya Kiingereza ya Miller yenye namba ya usajili GOV 132, aliyoshinda nayo Scotland 1962 na 1964, aliibadilisha na kuipunguza uzito kiasi kwamba iko mbali sana na ya katalogi. Ukiirudisha ilivyotoka kiwandani, umefuta historia yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote napiga picha kila upande, nakagua kama namba ya fremu inalingana na ya injini (Bultaco zilitoka hivyo), kisha natafuta alama za kuchomelea. Kazi ya mshindani wa enzi zile, kama ni imara, naiacha ilivyo.

Sababu kubwa ya watu kukata shingo ya fremu ni kutaka foki (mirija miwili inayoshika gurudumu la mbele) isimame wima zaidi ili pikipiki ikate kona fupi. Lakini piga hesabu kwanza. Kutoka ekseli hadi ekseli ni kama milimita 1,300. Nimeweka shokapu za nyuma zilizozidi za zamani kwa milimita 20, na mirija ya foki nimeisukuma juu milimita 10 kwenye vibano vyake. Tofauti ya milimita 30 kwenye urefu huo inaisimamisha foki kwa digrii moja na kitu, na mikono inaisikia mara moja. Yako mawili ya kuangalia. Mkono wa gurudumu la nyuma sasa unainama zaidi, hivyo cheni inausugua kwa juu karibu na pini unakozungukia. Weka kipande cha plastiki ngumu hapo. Pia toa springi za foki, ishushe mpaka mwisho, uhakikishe tairi na madigadi havigusi fremu wala ekzosi.

Vikanyagio vya zamani viko juu na mbele mno kwa mtu anayeendesha amesimama. Nimevishusha na kuvirudisha nyuma kama milimita 30 kwa vipande vya chuma cha milimita 6, kila upande bolti mbili za M10. Usitumie bolti moja, maana kipande kitazunguka ukitua kwenye jiwe. Usizidishe kurudi nyuma: gurudumu la mbele litakuwa jepesi kwenye mlima, na mkono wa kiki utagonga kikanyagio.

Kwenye mfumo wa kuwasha cheche nilitoa platini na koili zake nikafunga mfumo wa elektroniki. Koili kuukuu hutoa cheche vizuri injini ikiwa baridi, ikipata joto cheche inapotea. Ila rota nyingi za kisasa (kipande cha mfumo huo kinachozunguka na krankshafti) ni nyepesi kuliko flaiwili ya asili, yaani gurudumu zito la injini, na injini ya trial isiyo na uzito huo inazima ovyo kwenye mwendo wa taratibu. Nunua yenye pete ya uzito. Flaiwili itolewe kwa pula yake tu. Ukiigonga kwa nyundo, krankshafti, ambayo ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja, inapinda, na beringi hazitadumu.

Oili sili za krankshafti sizionei huruma hata kama ni za asili, nazibadilisha. Zikikauka injini inavuta hewa, mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mwepesi, pistoni inajama. Kuzipima, ziba bomba la kuingizia na la ekzosi, jaza hewa ya bar 0.4, subiri dakika tano. Geji ikishuka, paka maji ya sabuni utafute povu.

Kinachonisumbua zaidi ni tanki la fiberglass la Sherpa za awali. Ethanoli iliyo kwenye petroli ya sasa (Uingereza E10 ilianza 2021) inayeyusha gundi yake, na uchafu huo unanata kwenye jeti na ringi za pistoni. Wengine hupaka epoksi kwa ndani. Inasaidia kama tanki halijawahi kuloweka ethanoli, la sivyo inabanduka vipande vipande. Mimi nashindana na tanki la alumini, la asili nimelimwaga na kulikausha.

Rangi sijapiga upya, kromu sijaigusa, wala sijatoboa tundu hata moja kwenye fremu. Pikipiki ikiuzwa, vipuri vya zamani vinakwenda nayo pamoja na karatasi ya vipimo vyote hivi.