Makofi, filimbi na kasha la vivuli

Nilipopanga tamasha dogo kuzunguka kasha la mbao lililoning'inizwa, linalotupa vivuli vya nakshi za Kiislamu ukutani, jambo la kwanza nililokataa ni muziki wenye "ladha ya Kiarabu". Nakshi za Kiislamu hazikuzwi kwa kupachikiwa udi (ala ya nyuzi) na matari. Nguvu yake ni umbo moja linalorudiwa na kuzungushwa mpaka jicho lisijue lilianzia wapi. Nilitafuta muziki unaofanya kazi hiyohiyo.

Kasha letu lilifuata mfano wa Intersections, kazi ya Anila Quayyum Agha iliyoshinda shindano la sanaa la ArtPrize huko Grand Rapids, Marekani, mwaka 2014: mbao iliyotobolewa kwa leza nakshi zilizotokana na Alhambra, kasri la Kiislamu huko Granada, Hispania, karibu mita 2 kila upande, na balbu moja katikati. Watu huja kutazama vivuli, si mbao.

Clapping Music ya mtunzi Mmarekani Steve Reich (1972) inataka watu wawili na viganja vyao. Mmoja anashikilia mzunguko wa mapigo 12. Mwenzake anausogeza pigo moja moja hadi wakutane tena. Ukiikariri, huhitaji karatasi wala taa. Iliyofuata ni Why Patterns? ya Mmarekani mwingine, Morton Feldman (1978), ya filimbi, piano na glokenspili (vibao vya chuma vinavyogongwa), nusu saa hivi. Kila mpigaji anakwenda njia yake hadi karibu na mwisho, kwa hiyo wanaweza kukaa mbalimbali, mradi waonane watakapoungana.

Kazi ngumu ilikuwa mwanga. Balbu iwe ya kioo angavu kinachoonyesha ndani, yenye uzi mfupi. Ya kioo cha ukungu hufanya kingo za vivuli zififie, na taa yenye vijitaa vingi hutoa kila ua la nakshi mara kadhaa. Swichi ya kupunguza mwanga ndiyo adui: ikiwa nusu, uzi wa balbu huvuma, na kwa umeme wa Marekani wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) mvumo huo huanzia hezi 120, karibu na noti za chini za piano. Feldman hupigwa kwa sauti ndogo mno, kila mtu atausikia. Niliondoa swichi, nikaweka balbu ya wati chache zaidi.

Mpigaji akikaa mita 1.5 kutoka kwenye balbu na ukuta uko mita 6, kivuli chake hukua mara 4 na kumeza ukuta. Akikaa mita 5, hukua mara 1.2 tu. Wote niliwabandika ukutani. Noti zikapakwa nakshi, mistari haisomeki! Dawa ni stendi isiyo na matundu, mgongo wake uelekee kasha, na tableti iliyopunguzwa mwanga.

Zima kipoza hewa dakika 10 kabla, la sivyo kasha litayumba na kuta zote zitaonekana kuogelea. Aya za Kurani zisitobolewe kabisa: kivuli chake huangukia sakafuni, penye viatu.

Na usiamini mazoezi ya chumba kitupu. Kuta tupu zinazotazamana hurudisha kofi moja kama mkufu wa makofi. Mapazia yangeharibu vivuli, kwa hiyo wasikilizaji wenyewe, wameketi chini kwenye mikeka kuzunguka kuta, ndio walionyonya mwangwi.