Mwanangu, kikohozi na hii habari ya kimeo

Jamani mwanangu kakohoa wiki tatu na ushee. Mchana anaruka kwenye mawe huku kwetu Mabatini, Mwanza, kama mbuzi, ila usiku akilala tu chali anaanza, anakohoa mpaka anatapika, pua imeziba, anapumulia mdomo na anakoroma kama mzee, mtoto wa miaka mitatu!

Amoksilini nilishamnunulia duka la dawa mara mbili bila kuandikiwa na mtu (najua, msinipige mawe), wapi. Mama mkwe akapiga toka Sengerema, "huyo ni kimeo, mleteni huku akakatwe." Nikasema sawa mama nimekusikia, maana mkwe humbishii kwenye simu, ila moyoni nilishakataa. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, kila mtu anacho, na sicho kinachomkohoza mtoto. Kuna watoto wamekatwa na wembe wakavuja damu mpaka kuongezewa, wengine wakapata pepopunda, wengine ndo hawakurudi tena.

Tukaenda kituo cha afya. Dokta kaanza na TB, maana kikohozi kikizidi wiki mbili lazima waulize: nyumbani kuna anayekohoa? homa? uzito umeshuka? Kampima, kamsikiliza kifua, kiko safi. Halafu akauliza, "mama, mnapikia wapi?" Nikabaki nacheka tu. Chumba kimoja, jiko la mkaa mlangoni, mvua ikinyesha linaingia ndani na sisi wote humo humo.

Akanieleza moshi unamchokoza pua, kamasi zinajaa, akilala zinateremka kooni ndo anakohoa. Na hilo la kukoroma anahisi ni nyama za pua, zile zinazoota nyuma kabisa, kwa hiyo tumepewa rufaa ya hospitali ya Bugando zikaangaliwe. Kwa sasa namtia matone ya maji chumvi puani kabla ya kulala, na asali kijiko kimoja (wa chini ya mwaka asipewe kabisa). Akaniambia pia nikiona anahema haraka, mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani, nisisubiri asubuhi.

Jiko sasa linakaa nje, mvua ikinyesha tunakula mkate na chai ya chupa. Jana kakohoa mara mbili tu. Mama mkwe kapiga tena, "mmeshampeleka?" Nikamjibu tumempeleka mama. Wapi, sijasema.