Oili ilikuwepo ya kutosha, sakafu ndiyo iliyoinama

Fundi aliniambia niandae hela ya kushusha injini. "Dada, ringi zimekwisha. Gari inakula oili hii." Ringi ni zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande ikaungua. Akataja laki ambazo sikuwa nazo, na siku mbili zilizofuata sikulala vizuri. Injini ile haijashushwa hadi leo. Inanipeleka kazini na kunirudisha, na moshi hauonekani. Naandika kwa sababu najua wako wenye Toyota IST kama yangu ambao wameshaambiwa maneno hayo hayo.

Mimi ni muuguzi na nakaa Goba. Anayeifahamu Goba anavijua vilima vyake. Kwangu gari inalala kwenye zege lililomwagwa mbele ya nyumba, na ikiingia pua inaangalia juu kidogo. Macho yangu yalishazoea, nikawa naliona ni tambarare kabisa.

Chanzo ni siku ya kumwaga oili. Gari yangu ina injini ya 2NZ, ile ya cc 1300, na ukibadilisha oili pamoja na filta inachukua lita 3.7. Dumu la dukani ni la lita 4. Kijana wa gereji alimimina dumu zima hadi tone la mwisho, akaona ananitendea haki kwa kuwa nimeshalilipia. Hakupima, na mimi sikujua kwamba ile robo lita na ushee ilitakiwa ibaki kwenye dumu.

Wiki ya pili nikafungua boneti nyumbani. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikafuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili imegusa kialama cha chini kwa shida. Nikapita sheli, nikanunua chupa ya lita moja, nikaongeza nusu. Kesho yake nikapima palepale: imepanda kidogo tu. Nikamalizia chupa. Nilijiona mtu makini anayejali gari lake, na kwa kweli nilikuwa makini, ila nilikuwa makini mahali pasipofaa.

Haikupita siku nne, nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, nikaona moshi wa rangi ya bluu nyuma yangu. Injini ikawa nzito, ndani kukajaa harufu ya oili iliyoungua, na asubuhi nikakuta matone meusi kwenye zege. Hapo ndipo fundi aliponitolea hukumu ya ringi.

Kilichonizuia kukopa hela ni kazi yangu. Mgonjwa akija anahema, ametoka kupanda ngazi, ukamfunga mashine ya presha hapo hapo, utaandika namba ya kutisha na ataishia kupewa dawa asizozihitaji. Ndiyo maana tunamkalisha dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo. Nikajiuliza usiku ule: hii gari, tangu niinunue, nimewahi kuipima ikiwa imekaa sawa?

Kiwanja cha jirani wanajenga. Nikamwomba fundi mwashi pimamaji yake ya kupimia usawa, ile ya rangi ya njano yenye kioo katikati. Nikailaza kwenye zege langu. Kiputo kikakimbilia upande wa ukutani, kikajibana huko kama kimefukuzwa. Fundi akachuchumaa, akatazama, akasema, "Dada, hapa walimwaga hivi makusudi, maji ya mvua yatoke kuelekea getini." Basi. Gari ikilala pale, oili yote inahamia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kijiti kinazama upande ule mwingine ambako imebaki kidogo.

Akaniazima pimamaji pamoja na ubao mnyoofu wa kama mita moja na nusu, maana kipimo kifupi kwenye ardhi yenye mabonde kinadanganya. Jioni nikaenda navyo zamu ya usiku. Mlinzi wa pale kazini alinikuta nimepiga magoti kwenye maegesho. "Sista, unajenga?" Nikamweleza. Alielewa haraka kuliko wengi, akanimulikia tochi, tukapima urefu na upana sehemu tatu. Ya tatu, chini ya mwarobaini, kiputo kilikaa katikati pande zote mbili. Nikaegesha hapo, nikapiga handibreki, nikaingia wodini.

Faida ya zamu ya usiku ndiyo hii: gari inapumzika saa kumi na mbili bila kuguswa. Oili yote iliyokuwa juu ya injini inashuka, na ile bomba la kijiti halina oili iliyopakaa pembeni ya kukuchanganya. Asubuhi, kabla ya kuwasha, nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita kialama cha juu kwa karibu upana wa vidole viwili.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikashukuru Mungu. Injini ilikuwa haili oili, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Oili ikizidi, kranki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni, inapozunguka inaifikia na kuipiga kama mayai kwenye bakuli. Inatoka povu, pampu inavuta hewa badala ya oili safi, presha inasukuma oili kwenye sili, na nyingine inapenya hadi inapoungua. Moshi, uzito na matone, yote yalipata maelezo bila ringi kuhusika.

Sasa kuipunguza. Fundi mwingine alisema nilegeze nati ya sampu ichuruzike kidogo. Nilikataa, kwa sababu ukilegeza ile nati hujui itatoka kiasi gani, na mkono wako uko chini ya gari. Nikaenda duka la dawa, nikanunua bomba la sindano la mililita 60 na mpira wa dripu, vyote havikufika elfu kumi. (Vya wagonjwa kazini siwezi kuvigusa kwa ajili ya gari.) Nikaukata mpira chini ya kile kichupa cha matone, nikauingiza kwenye bomba la kijiti, nikavuta. Hewa. Nikavuta tena, hewa. Niliutoa mara nne, na kila mara ncha ilikuwa imejikunja na kunitazama.

Ndipo nikakilaza kijiti mezani, mpira pembeni yake, nikaunyoosha na kufunga plasta nyeupe mahali urefu wa kijiti unapoishia, nikaongeza sentimita tatu. Nikawasha injini dakika chache ipate uvuguvugu, kwa kuwa oili baridi ni nzito na mpira ule ni mwembamba, nikazima na kusubiri. Safari hii nikausukuma hadi plasta ikagusa mdomo wa bomba. Nikavuta taratibu. Uzi wa kahawia ukaanza kupanda ndani ya mpira, polepole, ukapita mkunjo wa kwanza, ukaingia kwenye bomba la sindano. Sitasahau nilivyofurahi. Nilivuta mara kumi na tisa, nikihesabu kwa sauti, nikimimina kwenye chupa ileile niliyonunua sheli. Ikajaa na kubaki. Ilinichukua zaidi ya saa moja.

Nikapima tena asubuhi iliyofuata chini ya mwarobaini: kati ya vialama viwili, karibu zaidi na cha juu. Moshi ulibaki kidogo kwa siku mbili, ukaisha. Matone yakakoma.

Kuna ushauri niliopewa kipindi hicho ambao bado unaniudhi. Mmoja alisema oili hupimwa injini ikinguruma. Hapo alichanganya na oili ya gia: gari nyingi za zamani za otomatiki ndizo hupimwa oili ya gia injini ikiwa inaunguruma na ina moto. Ya injini ukiipima hivyo, nyingi iko juu inazunguka, utaona pungufu na utaongeza, kama mimi. Toyota wenyewe wanaelekeza injini ipate moto, izimwe, isubiriwe zaidi ya dakika 5 kwenye tambarare. Mimi napenda ya asubuhi, ila ninachoshika ni kutochanganya: njia ileile, sehemu ileile, kila mara.

Mwingine akasema nisijisumbue, nisubiri taa nyekundu ya kibirika kwenye dashibodi. Taa ile inasoma presha ya oili, haisomi kiasi. Ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini pembeni upesi, kwa sababu vyuma vinaweza kuwa tayari vinasagana. Na mweusi wa oili peke yake usikutishe. Cha kutisha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana hapo maji yameingia.

Oili mpya inasumbua macho, inang'aa kama haipo. Nalaza kijiti kwenye tishu nyeupe, upande mmoja halafu wa pili, na mstari unajichora. Pande zikitofautiana nasoma ulio chini.

Pimamaji nilimrudishia fundi mwashi Jumamosi, nimeifuta vizuri. Akaniuliza kama na pikipiki yake inapimwa hivyo. Ni ya Kichina, kijiti kimeshikana na kifuniko. Tukaisimamisha kwa stendi ya kati, nikamwonyesha aingize kijiti kikae tu juu ya nyuzi bila kukikaza, kisha achomoe. Oili ilikuwa haijafika hata kwenye ncha. Akaacha mwiko wake hapo hapo, akaenda dukani.