Siku Chunjua Zangu Zilipogandishwa

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha katika shule ya msingi huko Kawangware, Nairobi, na kwenye kidole changu cha shahada, kile kile kinachobana chaki, zilikuwa zimeota chunjua tatu, moja ikiwa imejibana kando ya ukucha. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeloweka kidole katika maji vuguvugu kila jioni, nikasugua gamba na kupaka asidi ya salisiliki niliyonunua kwenye duka la dawa. Mbili zilinywea kidogo. Ile ya ukuchani haikutikisika. Hatimaye nilipanda matatu hadi Upper Hill kumwona daktari wa ngozi.

Alikwangua gamba kwa kijembe, vidoa vyeusi vikajitokeza, naye akanieleza kwamba hivyo si mizizi kama watu wengi wanavyoamini, bali ni vijishipa vya damu iliyoganda. Chunjua huletwa na virusi vya papiloma ambavyo hupenya kwenye ngozi iliyochubuka, kwa hiyo kuzikata kwa wembe nyumbani, kama mwenzangu mmoja alivyokuwa amenishauri, kungeweza kuvisambaza zaidi.

Nilidhani angeanza kazi mara moja. Badala yake aliuacha mtungi wa nitrojeni, ile gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika cha kugandishia chunjua, ukiwa umefunikwa, akavuta kiti.

“Mwalimu, kuna jambo ni lazima ulijue kwanza,” alisema. “Chembe zinazoipa ngozi rangi hufa upesi kwa baridi kuliko chembe nyingine. Ngozi yetu nyeusi inaweza kubaki na baka jeupe kwa miezi, na pengine lisiondoke kabisa. Na hapa karibu na ukucha, nikigandisha kupita kiasi, ukucha unaweza kuota ukiwa umepinda.”

“Na nikikataa, Daktari?”

“Tutaendelea na asidi. Hakuna haraka.”

Nimetibiwa mara nyingi katika jiji hili, na ni nadra mtu kunieleza madhara ya tiba kabla hajanigusa, tena akaniachia nafasi ya kukataa. Kwa sababu hiyo nilikubali bila wasiwasi.

Nitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hivyo alipofungua mtungi mvuke mweupe ulimwagika ukingoni. Alichovya kijiti chenye pamba, akakigandamiza juu ya chunjua mpaka ikawa nyeupe pe na duara jembamba la barafu likatokea kwenye ngozi iliyoizunguka, kisha akaondoa. Niliungua kama niliyeshika kaa la moto, na barafu ilipoyeyuka maumivu yalizidi, yakawa ya kudunda hadi kwenye kiwiko. Kesho yake lilifura lengelenge lenye damu, ambalo nilikuwa nimeonywa nisilitumbue, na kwa siku kadhaa niliandika ubaoni kwa shida.

Nilirudi kila baada ya wiki chache, naye kila mara aliigandisha ile ya ukuchani kwa muda mfupi kuliko zile nyingine mbili. Zote zilikwisha, na mistari ya ngozi ikarejea pale zilipokuwa. Ukucha uliota sawa. Baka moja jeupe lilibaki, na rangi yake imerudi nusu tu.

Baadaye dada yangu alitaka mwanawe mdogo agandishwe vivyo hivyo. Nilimpeleka kwa daktari yuleyule, naye akamwambia kwamba chunjua za watoto mara nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili, akampa asidi, na mtungi haukufunguliwa.