Aliyezisikia nani?

Tangu Jumanne swali lile halijanitoka. Nilikuwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi, naeleza kwa nini wanaisimu huirudishia lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha mama ya kale isiyoachiwa maandishi, iliyozaa Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti, irabu e na o, ilhali Kisanskriti, lugha ya kale ya India, pamoja na ukongwe wake wote, kina a tu mahali pake. Mwenzangu wa dirishani, yuleyule wa mabishano ya mwezi jana, akauliza taratibu:

"Sasa hizo e na o, aliyezisikia nani?"

"Zimo kwenye Kilatini na Kigiriki."

"Huenda hao ndio waliozizusha."

Nikanyamaza. Nikarudi kukaa.

Wiki hii nimehama chumba na Zuhura kajifungua salama, lakini kila usiku nimelala na "aliyezisikia nani".

Jibu nilikuwa nalo, ila la kukariri. Hata Schleicher, mwanaisimu Mjerumani, alipotunga kihadithi kwa lugha hiyo ya kale mwaka 1868, alimimina a kila mahali. Ni katika miaka ya 1870 ndipo wataalamu walipoiangalia vizuri konsonanti iliyo jirani. Kilatini kina que, yaani "na", na quod, "kipi". Kisanskriti cha Veda, maandiko matakatifu ya kale ya India, kina ca, inayotamkwa cha, na kad. Irabu ni a zote mbili. Mbona k ya kwanza imelainika na ya pili imebaki ngumu? Kwa sababu a ya kwanza zamani ilikuwa e, nayo e hulainisha k iliyo mbele yake; ya pili ilikuwa o, isiyoilainisha.

Jana jioni nampigia mama huku nakaanga vitunguu, akasikia sufuria.

"Mpishi mzima wewe! Utanipikia lini?"

Nikazima jiko. Mpishi. Utanipikia. Kitenzi ni kimoja, pika, na zote mbili zina i baada yake, lakini i moja imeigeuza k kuwa sh na nyingine haikuigusa. Mlinzi, lakini lindia. Mwizi, lakini ibia. Mame-Bantu, lugha mama ya kale ya lugha za Kibantu, ilikuwa na irabu saba, Kiswahili kimebaki na tano. Hizo i mbili zamani zilikuwa irabu mbili tofauti. Nimezitamka maisha yangu yote!

"Kuna nini, mwanangu?"

"Umenijibia swali, mama."

Jumanne ijayo naandika maneno ya mama ubaoni, na chini yake ca na kad. Nina hamu ya kufika.

Ila mama alikohoa mara tatu kabla hatujaagana. Akasema ni vumbi la barabara. Huko mvua imenyesha wiki nzima.