Foleni ya Mapokezi na Mtoto Mwenye Surua

Shangazi yangu alipokuwa katikati ya matibabu ya saratani, mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kliniki. Tibakemikali ilikuwa imeshusha sana chembechembe zake nyeupe za damu, na daktari alikuwa ametuonya kwamba mafua ambayo mimi ningeyamaliza kwa siku chache za kupiga chafya yangeweza kumlaza yeye wodini. Onyo hilo liliniingia. Shangazi naye alilisikia, lakini adabu aliyolelewa nayo ilikuwa na nguvu zaidi, kwani kwake kuhama kiti kwa sababu ya mgonjwa anayekohoa kulikuwa sawa na kumtangaza mbele za watu. Alichofanya ni kubana barakoa yake vizuri puani, kugeuza uso kidogo na kumpa pole jirani yake.

Siku ninayoikumbuka tulikuta chumba cha kusubiri kimejaa. Kwenye dirisha la mapokezi palikuwa na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi, na kila aliyefika aliandika jina lake kwa kalamu hiyo hiyo. Nilimtazama kijana mmoja akikohoa ndani ya kiganja, akashika kalamu kwa kiganja kile kile, akaandika taratibu kwa mwandiko mzuri, kisha akamkabidhi aliyemfuata kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Hakuna aliyeona vibaya. Wengi wetu tulifundishwa utotoni kwamba kuziba mdomo kwa mkono ndio ustaarabu wenyewe, ilhali kukohoa kwenye kiwiko, ambako hakuachi kitu viganjani, mpaka leo kunaonekana kama kituko. Jina la shangazi niliandika kwa kalamu yangu mwenyewe, na macho ya waliokuwa nyuma yangu yakanihukumu kuwa mtu wa maringo.

Tukiwa tumeketi, aliingia mama kijana aliyembeba mtoto wake mchanga, akakaa kiti kilichofuata baada ya shangazi. Chumba kilikuwa na joto, lakini mtoto alikuwa amefunikwa blanketi mpaka utosini. Alikuwa akikohoa kikohozi kikavu, na kila blanketi liliposogea kidogo, mama yake alilirudisha upesi.

“Pole mwanangu,” shangazi alimwambia. “Mtoto anaumwa nini?”

“Homa tu, mama.”

Mtoto alijinyoosha, blanketi likateleza. Macho yake yalikuwa mekundu na yenye machozi, na nyuma ya sikio palikuwa na vipele vyekundu vilivyoshikana, vikiwa vimekwisha kutambaa hadi kwenye paji la uso. Shangazi alilea watoto enzi ambazo ugonjwa huo ulikuwa ukipita nyumba hata nyumba. Hakuhitaji kutazama mara mbili. Aliuliza kwa sauti ya chini kama si surua. Mama kijana alinyamaza kwa muda, halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: mahali alikokwenda kwanza alisema ukweli, akaambiwa akasubiri nje, na jina lake halikuitwa tena.

Shangazi alisimama, akaenda moja kwa moja kwa muuguzi, na nilimsikia akimweleza mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtoto yule anahitaji chumba chake peke yake, na kwamba mama yake asipoteze nafasi. Muuguzi hakupandisha sauti wala hakumwonyesha mtu kidole. Aliinama mbele ya mama kijana, akamwambia, “Mama, namba yako ninayo mimi. Daktari atakufuata huko ninakokupeleka,” kisha akawatoa kwa mlango wa pembeni mpaka kwenye chumba chenye dirisha la kufunguka nje. Mama aliondoka bila ubishi hata kidogo.

Baadaye muuguzi alitutoa sote nje, na hapo ndipo manung’uniko yalipoanza. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini tunahamishwa ilhali mgonjwa amekwisha kuondoka. Muuguzi alimjibu kwa subira kwamba virusi vya surua huelea hewani na vinaweza kubaki chumbani kwa muda unaofika saa 2 baada ya mgonjwa kutoka, kwa hiyo aliyekaa kona ya mbali naye amevuta hewa ile ile. Jibu hilo lilinifikirisha, kwa maana hata kama shangazi angekuwa mtu wa kuhama viti, kuhama kusingemsaidia. Kusogea hatua chache humfaa mtu aliye karibu na mwenye mafua, ambayo matone yake mengi hayafiki mbali; kwa surua, la maana ni mgonjwa kujulikana mlangoni kabla hajaketi.

Tuliulizwa mmoja mmoja nani hajachanjwa, nani ana ujauzito, nani ana mtoto wa chini ya mwaka, nani anatumia dawa zinazoshusha kinga. Mtu mwenye afya ambaye hajachanjwa anaweza kukingwa akipata chanjo ndani ya saa 72 tangu alipokutana na ugonjwa, lakini chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haikumfaa shangazi. Yeye aliwahi kuugua surua utotoni, ila kwa hali ya damu yake madaktari hawakutaka kutegemea kinga hiyo ya zamani, wakamtundikia dripu ya kingamwili, ambayo inatakiwa itolewe ndani ya siku 6. Tuliambiwa tumwangalie kwa wiki 4, kwa kuwa dripu hiyo inaweza kuchelewesha dalili. Hakuugua.

Kuta za chumba kile zilikuwa na mabango ya kunawa mikono na kuziba mdomo, yote ya kweli, na hata moja halikumwambia mgonjwa kwamba akisema ana nini nafasi yake italindwa. Nikiwafikiria watu niliowahi kuwaona wakimeza kikohozi kwenye foleni, siamini kwamba wengi wao hawana haya. Naamini wamefanya hesabu, na kwa foleni zilivyopangwa, hesabu yao ni sahihi.

Kliniki iliyofuata shangazi hakuniachia kazi ya dirishani. Alimwambia karani, watu wakisikia, “Mwanangu, natibiwa saratani na kinga yangu iko chini. Nikae wapi?” Karani, ambaye ni dhahiri hakuwahi kuulizwa swali hilo, alifikiri kidogo, akamwonyesha benchi la barazani na kuahidi kumfuata huko zamu yake itakapofika. Shangazi alimwomba aiandike ahadi hiyo kando ya jina lake, akasimama palepale dirishani mpaka alipoona imeandikwa.